Kuweka AC kwenye HiAce ya zamani ya kulala: nilivyofanya Tabora

Mbung'o wa mapori ya Sikonge hakimbii gari, analifuata. Ukipunguza mwendo kwenye korongo wanakuwa wameshajaa kwenye vioo, na ukiacha upenyo wa vidole viwili tu unafika na uvimbe shingoni. Kwa hiyo unafunga. Sasa wewe funga vioo vya HiAce mwezi wa kumi, saa 8 mchana, nyuma una ndoo 18 za asali na mkeo amekalia kiti ambacho chini yake ndiko iliko injini. Siku ile mke wangu aliponiambia kichwa kinamzunguka na haoni vizuri, niliegesha chini ya mninga, nikammwagia maji, nikaapa kwamba msimu unaofuata gari hili litakuwa na ubaridi wake.

Mimi nanunua asali. Tangu mwezi wa sita hadi wa kumi na moja natoka Tabora mjini, nashika njia ya Sikonge hadi Ipole, na kutoka hapo naingia vijijini. Gari langu ni Toyota HiAce ya mwaka 1994, injini ya 3L ya dizeli. Zamani lilikuwa daladala, sasa lina kitanda, jiko la gesi na rafu za ndoo. Tunalala humo siku nne, tano mfululizo. Wengi wanaonisimamisha huuliza kwanza AC yangu ni aina gani. Mimi huwauliza kwanza gari lao linaingiza joto kutokea wapi, maana hapo ndipo kazi inapoanzia.

Zuia joto kabla ya kununua chochote

Kabla sijagusa kitu nilitundika kipimajoto katikati ya gari, usawa wa kifua, gari likiwa limekaa juani nyumbani Isevya tangu asubuhi. Saa 9 alasiri kilisoma nyuzi 44. Nje kivulini zilikuwa 32. Hizo nyuzi 12 za ziada zinatokana na bati na vioo, na AC yoyote utakayoweka itazimaliza hizo kwanza ndipo ianze kukupoza wewe. Betri yako italipia nyuzi hizo kila siku.

Nilibandua dari lote. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa kitambaa kilichochakaa na kutu kwenye maungio ya paa, pale yanapopita maji ya mvua. Kwangua kutu yote kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, acha ikauke siku nzima. Usiifunike kutu kwa dari jipya. Ukifika wakati wa kukata tundu la AC utakuta bati limekuwa kama mkate mkavu.

Kisha nikakata thamokoli (lile povu jeupe gumu la kufungashia vifaa) ya unene wa milimita 25, vipande vinavyojaa kati ya mbavu za paa, nikavibandika. Mbavu zenyewe ni chuma na zinapitisha joto moja kwa moja, kwa hiyo juu ya vyote nikatandaza ile foili inayowekwa chini ya bati la nyumba, nikamalizia na plaiwudi nyembamba. Nje nikapaka paa rangi nyeupe ya kung'aa. Lilikuwa bluu iliyokoza, na rangi hiyo, mbali na kunyonya jua, ndiyo inayowavutia mbung'o. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo.

Wenye HiAce za umbo hili la zamani, msisahau kifuniko cha injini chini ya viti vya mbele. Ukizima gari jioni, injini inaendelea kutoa joto ndani kwa zaidi ya saa nzima. Nilibandika blanketi la foili la kuzuia joto upande wa chini wa kifuniko, nikabadilisha na ule mpira wa kukizunguka uliokuwa umekatika. Mpira huo pia ndio unaozuia harufu ya mafuta na moshi kupanda ndani, kwa hiyo hata asiyetaka AC aubadilishe.

Mianya niliisaka kwa udi. Jioni isiyo na upepo, funga milango na vioo vyote, washa feni ya gari ivute hewa ya nje kwa nguvu, kisha pitisha kijiti cha udi taratibu kandokando ya kila mlango. Moshi ukipanda wima, hapo ni pazima. Ukikatika na kukimbilia kwenye mpira, hapo panavuja. Kwangu ilikuwa kona ya chini ya mlango wa kuteleza na karibu upande mzima wa kulia wa mlango wa nyuma. Mpira wa milango unauzwa kwa mita, na kuubadilisha ni kazi ya asubuhi moja.

Vioo vya pembeni nilivitengenezea vibao vya karatasi ngumu vilivyovalishwa foili, upande wa kung'aa ukitazama nje, na ninavipachika tunapoegesha. Baada ya hayo yote, bila AC, kipimajoto pale pale Isevya, siku yenye jua lile lile, kilisoma 37.

AC ya aina gani

Ziko njia tatu, na nimezipitia zote.

Ya kwanza ni kufufua AC ya gari yenyewe, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Kama gari lako lilikuja nayo, anza na hii, kwa sababu ukiwa njiani haikugharimu betri. Fungua boneti utafute kibandiko kinachotaja gesi ya kupozea. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mengi yalitumia R12, gesi iliyoondolewa sokoni kwa Mkataba wa Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Yaliyofuata yanatumia R134a. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili si suala la kujaza tu. Mafuta ya zamani ya kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, lazima yamwagwe na kuwekwa yanayopatana na gesi mpya, mipira ya maungio ibadilishwe, kichujio cha kukausha unyevu kiwe kipya, halafu fundi aweke pampu ya kuvuta hewa kwa nusu saa au zaidi, azime, asubiri aone kama mshale wa geji unarudi. Ukirudi, panavuja, na gesi isiingizwe. Fundi anayefungua mtungi kabla ya kuvuta hewa, mwambie kwa heshima kwamba utarudi siku nyingine. Na anayetaka kukujazia gesi ya kupikia, usimwachie gari kabisa. Inapoza kweli, lakini ikivuja ndani ya gari lililofungwa, cheche moja inatosha.

Upungufu wa njia hii ni kwamba inafanya kazi injini ikiwa inaunguruma. Usilale injini ikiwaka. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuitambua. Vivyo hivyo jenereta chini ya dirisha, vivyo hivyo jiko la mkaa ndani ya gari. Hapa sina mjadala na mtu.

Ya pili ni split ya nyumbani, AC yenye kifaa kimoja ndani na kingine nje, ya umeme wa volti 220 kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Nilianza nayo. Niliweka ndogo ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ile ambayo kompresa yake inapunguza kasi chumba kikishapoa, maana zile za kawaida zinapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake na inveta inazima. Kifaa cha nje nilikifunga kwenye fremu mlango wa nyuma. Ilipoza vizuri mno kwa wiki tatu. Wiki ya nne tulikuwa kwenye njia ya Ipole kwenda Rungwa, vumbi na mawimbi ya barabara yanayotikisa meno, na usiku ule ikawa inapuliza upepo wa kawaida. Asubuhi niliona doa la mafuta, upana wa sarafu, limeshika vumbi jekundu kwenye shingo ya bomba la shaba karibu na nati. Ukiona doa la namna hiyo, gesi imetokea hapo. Shaba ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, mwishowe inapasuka. Nilirekebisha, nikaongeza mzunguko wa bomba ili liwe na ulegevu, nikaweka mipira chini ya kifaa. Ikapasuka tena msimu huo huo, upande wa pili.

Siisemi split vibaya. Kama gari lako linakaa mahali pamoja, tuseme umeegesha ufukweni Kigoma mwezi mzima na unasogea mara chache, ningekuambia uchukue hiyo hiyo: umeme inaokula ni mdogo, na fundi wa friji yeyote mjini anaijua. Kwa barabara zangu haifai.

Ya tatu, niliyonayo sasa, ni AC ya paa inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, zile zinazotengenezwa kwa madereva wa malori wanaolala njiani. Kompresa, kondensa (sehemu inayotoa joto nje) na mabomba yote yamo ndani ya kasha moja, gesi imejazwa kiwandani, hakuna bomba la kuunga. Yangu ni ya BTU 7,000, inatosha kwa HiAce iliyozuiwa joto. Hakikisha volti kabla ya kulipa: HiAce ni volti 12, Coaster na malori mengi ni 24. Nilinunua Dar es Salaam, na kabla ya kulipa nilimwambia muuzaji aiunganishe na betri niisikie. Kubali pia kwamba ikiharibika bodi yake ya umeme, kipuri kitatoka Dar, hakipatikani Tabora. Mimi nimenunua feni moja ya akiba nikaiweka chini ya kitanda.

Hesabu ya betri

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha, na Tabora yenyewe inakusaidia kuokoa. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa mwezi wa kumi unaungua, lakini ikifika saa 5 usiku hewa imeshapoa, na saa 9 usiku unatafuta shuka. Kwa hiyo huhitaji AC usiku kucha. Mimi naihitaji saa 2 za mchana tukiwa tunapima asali, na saa 2 za usiku, tangu saa 2 hadi saa 4. Baada ya hapo nafungua matundu yenye wavu, feni ndogo inatosha. Nunua betri ya saa 4. Anayelala Kigoma kando ya ziwa ahesabu saa zaidi, kule ni chini, unyevu ni mwingi na usiku haupoi haraka.

AC yangu inaanza kwa ampia 55, gari likishapoa inashuka hadi 35 au chini yake. Nahesabu wastani wa 40. Zidisha kwa volti 12.8, ni wati 512. Kwa saa 4 ni kama wati-saa 2,050. Betri moja ya lithiamu ya 200Ah (ampia-saa 200) ina 2,560, na ukitumia asilimia 80 unapata hizo hizo 2,050. Betri za asidi za kawaida usizitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo za 200Ah ungehitaji mbili, na kila moja ina uzito wa mfuko wa saruji na ziada. Kwenye gari la miaka zaidi ya 30 lenye ndoo za asali, springi zitalia. Nikachukua lithiamu.

Kuirudishia chaji nina sola mbili za wati 200 na alteneta, ile inayozungushwa na injini kuzalisha umeme. Sola kwa saa 5 za jua zuri, ukiondoa upotevu wa joto na vumbi, zinanipa kama 1,500. Zinazobaki zinatoka kwenye mwendo: chaja ya ampia 30 iliyo kati ya alteneta na hiyo betri ya lithiamu, kwa saa 2 za kuendesha, inaleta kama 780. Chaja hiyo ya kati usiiruke. Lithiamu ikiunganishwa waya kwa waya na alteneta inavuta yote inayopewa, na alteneta ya zamani ya ampia 70 inaungua, hasa gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikiunguruma.

Sola zangu hazijafungwa paani. Gari nalitaka kivulini na sola nazitaka juani, kwa hiyo zinakaa chini mbele ya gari, na waya wa mita 10. Mwanangu anazifuta vumbi kwa kitambaa kibichi saa 6 mchana, na ampia zinapanda unaona.

Kukata paa

Pima kwa kipande cha boksi kwanza. Kata boksi kwa umbo la tundu lililo kwenye karatasi ya maelekezo, libandike ndani ya dari, kisha gonga paa kwa kidole kujua mbavu zilipo. Ubavu usikatwe. Kwenye HiAce nafasi iliyopatikana ni katikati ya ubavu wa tatu na wa nne kutoka mbele.

Ukishachora, toboa pembe nne kwa drili, kisha kata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo. Mafundi wengi watakimbilia grainda. Kataa. Cheche zake zinaunguza rangi, zinaingia kwenye thamokoli, na zile zinazotua kwenye kioo zinaacha vijitundu visivyotoka. Weka mtu ndani ashike bati lisidondoke na kuvuta kingo. Ukimaliza, piga tupa kingo na upake rangi ya kuzuia kutu papo hapo, kabla ya chai.

Bati la paa peke yake halibebi kilo 30 kwenye makorongo. Ndani tulizungushia fremu ya skwea paipu ya milimita 25, ikaegemea mbavu mbili. Bolti zinabana fremu, hazibani bati. Kaza kwa kuvuka, pembe hii kisha ile ya mkabala, kidogo kidogo, mpaka mpira wa chini umebonyea nusu. Ukiuponda wote unapasuka na mvua ya kwanza inakukuta kitandani.

Kuhusu silikoni ya kuzibia: fungua tyubu unuse. Ikinuka siki, iache kwa kazi za vioo vya nyumbani. Ina asidi, na asidi hiyo inaanzisha kutu chini yake usikoona. Tafuta isiyo na asidi au gundi ya bodi za magari. Kisha mwagia paa ndoo tatu za maji, mtu akiwa ndani na tochi. Sisi tulipata tone moja, kona ya nyuma kulia, tukafungua na kurudia yote.

Waya

Ampia 55 kwenye volti 12 hazitaki mzaha. Kutoka betri hadi paani kwangu ni mita 3, nikatumia waya wa milimita za mraba 25, chanya na hasi zote mbili, bila kutegemea bodi ya gari kuwa hasi. Fyuzi ya ampia 80 iko umbali wa kiganja kutoka kwenye betri. Ikiwa mbali, kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Chukua uzi mmoja, ukwaruze kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha. Unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene huo na unachemka kwenye maungio. Baada ya kuwasha kwa nusu saa, shika kila kiungio kwa mkono. Kikiwa cha moto kuliko waya wenyewe, hakijabanwa vizuri.

Mahali pa kuegesha, na usafi

Msimu wa kwanza wa AC hii niliegesha kwenye kambi ya warina asali, nikaiwasha. Mzee mmoja akaja haraka, akanigongea kioo.

"Mwanangu, zima. Gari lako linavuma kama mzinga uliochokozwa."

"Shikamoo mzee. Tatizo nini?"

"Marahaba. Tazama juu."

Mita sita juu ya paa langu palikuwa na mzinga wa gome. Nyuki hawapendi mtetemo, na gari lenye harufu ya asali linalotetemeka chini yao ni uchokozi. Nilizima, tukasukuma gari kwa mikono hadi upande wa pili wa kambi. Sasa kabla ya kuegesha natazama juu kwanza, halafu ndipo natafuta kivuli. Ndoo zifunikwe vizuri na vifuniko vipanguswe, maana nyuki wakifuata harufu wanaingia kwenye matundu ya kondensa na feni inawasaga. Asali nayo imefaidika. Ikikaa siku nyingi kwenye joto la juu ya nyuzi 40 inakuwa nyeusi na kupoteza ubora, na zamani gari langu lilikuwa linavuka hapo kila mchana.

Chujio nakiosha kila Jumamosi kwa maji na sabuni ya kawaida. Mapezi ya kondensa nayasafisha kwa brashi laini ya rangi, kutoka juu kwenda chini. Vumbi likijaa hapo, AC inakula ampia nyingi na ubaridi unapungua. Mimi nikiona haishuki chini ya ampia 45 najua ni vumbi kabla hata sijapanda kutazama. Tukilala wawili tunaacha tundu la paa lenye wavu likiwa wazi kidogo, kwa sababu AC hii inazungusha hewa ile ile ya ndani.

Na kama utaipeleka Kigoma wakati wa mvua, zibua mrija unaotoa maji ya AC kabla ya kuondoka. Tabora kiangazi hewa ni kavu, unaweza kukaa miezi mitatu usione tone, na mrija unaziba kwa vumbi na nta kimyakimya. Mwaka jana tulivuka Malagarasi, tukalala usiku wa kwanza karibu na Ujiji, na saa 7 usiku maji yakaanza kudondoka kwenye godoro, upande wa mke wangu. Niliuzibua kwa spoku ya baiskeli niliyoazimwa na jirani. Sasa spoku moja inakaa kwenye boksi la spana.